Pwani ya Pasifiki ya Kolombia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Ardhi, Mvua na Riziki

Pwani hii iko wapi hasa?

Ni ukanda wa nyanda za chini ulioko kaskazini-magharibi mwa Amerika Kusini, unaoanzia mpaka wa Panama na kushuka hadi Mto Mataje, mpakani na Ekuador. Ukifuata mikunjo ya ufuo, urefu wake unakadiriwa kuwa kilomita 1,300. Upande wa magharibi ni Bahari ya Pasifiki, na upande wa mashariki umezibwa na safu ya magharibi ya milima ya Andes, ambayo Wakolombia huiita Cordillera Occidental. Mikoa minne inagusa pwani hii: Chocó, Valle del Cauca, Cauca na Nariño.

Kuna jambo moja la kijiografia ambalo msomaji akilikosa hataelewa mengi ya yanayofuata. Makao makuu ya mikoa mitatu kati ya hiyo minne, yaani Cali, Popayán na Pasto, yako ng'ambo ya milima, kwenye mabonde yenye ubaridi au joto la wastani, na huko ndiko bajeti za miji ya pwani ya Buenaventura, Guapi na Tumaco zimekuwa zikipangwa kwa muda mrefu. Chocó peke yake ndiyo yenye makao makuu katika nyanda za chini, mji wa Quibdó, lakini hata Quibdó haupo kando ya Pasifiki: umejengwa kwenye ukingo wa Mto Atrato, ambao huelekea kaskazini na kumwaga maji yake Karibi.

Je, sura ya pwani ni moja kutoka mwanzo hadi mwisho?

Hapana, na mgawanyiko wake uko wazi. Kaskazini ya Rasi ya Corrientes pwani ni ya miamba: milima ya Baudó imeinuka karibu kabisa na bahari, misitu inashuka hadi kwenye mawe, na kati ya rasi moja na nyingine kuna ghuba ndogo zenye maji ya kina kirefu, kama zile za Bahía Solano, Utría na Nuquí. Kusini ya rasi hiyo milima inarudi nyuma, na mito inayoteremka kutoka Andes imejaza tope na mchanga kwa maelfu ya miaka, kiasi kwamba pwani imekuwa tambarare ya mikoko, hori, visiwa vya mchanga na delta. Delta kubwa ni za mito San Juan na Patía. Ziko sehemu zinazoivunja kanuni hiyo, hasa Bahía Málaga, karibu na Buenaventura, ambako miamba inajitokeza tena katikati ya mikoko.

Mikoko ya huku ni mirefu kupita iliyozoeleka. Katika delta za Nariño na Cauca baadhi ya miti hufikia mita 30 na zaidi. Sababu ni wingi wa maji matamu na rutuba vinavyoletwa na mito. Sehemu kubwa ya mikoko yote ya Kolombia iko upande huu wa Pasifiki, wala si upande wa Karibi unaojulikana zaidi na watalii.

Mvua ni nyingi kiasi gani, na inatoka wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kwa haki, kwa kuwa hapa ni miongoni mwa mahali penye mvua nyingi zaidi duniani. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Quibdó hupata karibu 8,000. Buenaventura hupita 6,000. Katika vituo viwili, Lloró mkoani Chocó na López de Micay mkoani Cauca, makadirio ya wastani wa miaka mingi yamepita milimita 12,000, jambo ambalo lingeviweka mbele ya Mawsynram nchini India, wenye milimita 11,872 kwa mwaka. Ubishi kuhusu nani anashika nafasi ya kwanza haujesha, hasa kwa sababu takwimu za Lloró zinatiliwa shaka kutokana na jinsi vipimo vilivyochukuliwa. Kwa maoni yangu ubishi huo una uzito mdogo: mtu anayelazimika kukausha samaki au kakao chini ya anga hilo haoni tofauti kati ya milimita 11,000 na 12,000.

Chanzo cha mvua ni mambo matatu yanayokutana mahali pamoja. La kwanza ni bahari yenyewe, ambayo mbele ya Chocó ni ya uvuguvugu na hutoa mvuke kwa wingi. La pili ni upepo. Pepo za kusini-mashariki za Pasifiki zikivuka ikweta hupindishwa na mzunguko wa dunia, zikageuka kuwa pepo za magharibi, na kuingia nchi kavu zikiwa zimebeba unyevu. Wataalamu wa hali ya hewa huuita mkondo huu upepo wa Chocó. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaijua kanuni hiyo kwa njia nyingine, kwani ndiyo inayoufanya upepo wa kusi, ukishavuka ikweta, upinde mbele ya Somalia na kwenda kuinyeshea India. Tofauti ni kwamba kusi una mbio ndefu baharini, ilhali upepo wa Chocó unagonga ukuta wa Andes mara tu unapoingia nchi kavu, unalazimika kupanda, unapoa, na kuyaachia maji yake papo hapo. Jambo la tatu ni ukanda wa makutano ya pepo za kitropiki, ule ambao kwetu hupita mara mbili kwa mwaka ukileta masika na vuli: katika Chocó ukanda huo unakaa juu au jirani kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Mvua nyingi hunyesha alasiri na usiku. Mawingu hujijenga kwenye miteremko ya Andes mchana, kisha makundi ya dhoruba husogea kuelekea baharini gizani, na ndiyo maana asubuhi nyingi huwa na mwanga hata katika miezi mibaya.

Kuna kiangazi?

Kaskazini na katikati, kiangazi halisi hakuna. Kuna miezi yenye nafuu, hasa Februari na Machi, ambayo bado ina mvua ya kutosha kuitwa masika mahali pengine. Wastani wa joto hubaki kati ya nyuzi 25 na 28 za Selsiasi mwaka mzima, na unyevu wa hewa hupita asilimia 85. Ukielekea kusini mvua hupungua: Tumaco, karibu na Ekuador, hupata sehemu ndogo tu ya kile kinachoanguka Quibdó.

El Niño huleta ukame katika sehemu kubwa ya Kolombia, lakini upande wa kusini kabisa wa pwani hii inaweza kuongeza mvua, kama ilivyo Ekuador, na wakati huo huo huinua usawa wa bahari kwa sentimita kadhaa kwa miezi. Kwa vijiji vilivyojengwa juu ya visiwa vya mchanga visivyozidi mita chache kutoka usawa wa maji, sentimita hizo si ndogo.

Bahari inajaa na kupwa kwa kiasi gani?

Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia takriban mita 4, kiwango kisicho mbali na kile cha Zanzibar au Mombasa. Upande wa Karibi wa Kolombia tofauti hiyo haifiki hata mita 1. Kwa hiyo maisha ya Pasifiki yanafuata saa ya maji. Nyumba za Tumaco na za mitaa ya zamani ya Buenaventura zimesimama juu ya nguzo. Boti za abiria huondoka kulingana na maji wala si kulingana na ratiba ya ukutani. Na mtu akichelewa kutoka ndani ya hori hubaki ameketi topeni hadi maji yarudi. Maji ya chumvi huingia ndani sana ya mito, na vijiji hujua kwa uzoefu ni saa ngapi ya kuteka maji yanayonyweka.

Je, ni eneo la matetemeko?

Ndiyo, na makali. Bamba la Nazca, kipande kikubwa cha ganda la dunia kilicho chini ya bahari, linajisukuma chini ya bamba la Amerika Kusini mbele ya pwani hii. Tarehe 31 Januari 1906 tetemeko la ukubwa wa 8.8 lilitokea karibu na mpaka wa Kolombia na Ekuador likifuatwa na tsunami. Tarehe 12 Desemba 1979 lingine, la ukubwa wa zaidi ya 8, liliipiga Tumaco na kukifuta kijiji cha San Juan de la Costa. Tumaco mjini iko juu ya visiwa vya chini vyenye wakazi wengi na madaraja machache, hivyo suala la njia za kukimbilia mahali pa juu linajadiliwa huko kila mara.

Wakazi ni akina nani, na ardhi ni ya nani?

Walio wengi ni Wakolombia wenye asili ya Kiafrika, uzao wa watu walioletwa kwa nguvu kupitia bandari ya Cartagena, hasa kutoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, ili wachimbe dhahabu mitoni. Baadhi yao walijinunulia uhuru kwa dhahabu waliyoipata siku za mapumziko, wengine walitoroka, na utumwa ulipofutwa kisheria kuanzia Januari 1852 familia zilitawanyika kufuata mito, zikajenga vijiji ambavyo bado vipo. Pamoja nao wanaishi wenyeji wa asili, wakiwemo Waembera, Wawounaan na Waawá.

Kwa zaidi ya karne moja serikali ilihesabu eneo hili kuwa ardhi tupu ya taifa, kana kwamba hakuna mtu aliyelilima. Katiba ya 1991 ilifungua mlango, na Sheria Namba 70 ya 1993 ikazitambua jumuiya za watu weusi za mabonde ya mito ya Pasifiki kuwa wamiliki wa pamoja wa ardhi. Hati hutolewa kwa baraza la jumuiya, na ardhi hiyo haiuzwi, haiwekwi rehani wala haikamatwi kwa deni. Tangu hapo zaidi ya hekta milioni 5 zimepewa hati za namna hii, mbali na maeneo ya wenyeji wa asili, ambayo yana utaratibu wake. Nikiulizwa ni tukio gani la kiuchumi lililo kubwa kuliko yote katika historia ya karibuni ya pwani hii, nitaitaja sheria hiyo kabla ya bandari. Udhaifu wake uko wazi pia: hati haimiliki madini yaliyo chini ya ardhi, ambayo ni ya taifa, na wala haikuweza kuzuia makundi yenye silaha yaliyowahamisha maelfu ya watu kutoka kwenye mito yao mara tu baada ya hati kuanza kutolewa.

Watu hupata riziki kwa kazi gani?

Mara chache mtu ana kazi moja. Familia ya kando ya mto huwa na shamba la migomba na majimbi, minazi michache, mtumbwi na nyavu, na karai la kuchekechea dhahabu, na kila kimoja hushikwa kwa msimu wake au bei inapokuwa nzuri. Uvuvi mdogo ndio unaolisha pwani. Kaskazini ya Chocó wavuvi wadogo walipigania na kupata, kuanzia 2008, ukanda wa maili 2.5 za baharini kutoka ufuoni ambao meli kubwa za kuvua kamba hazikubaliwi kuingia.

Katika mikoko ya kusini wanawake huokota piangua, kombe weusi wa jenasi ya Anadara wanaojificha topeni kati ya mizizi. Wanawake wa Zanzibar huokota ndugu wa karibu wa kombe hao, lakini mazingira ya kazi ni tofauti: badala ya kutembea juu ya mchanga ulioachwa na maji, mwokotaji wa Tumaco au Guapi hupenya ndani ya mizizi akizama hadi magotini, akipapasa kwa mkono, na moshi wa kufukuzia mbu ukifuka kando yake. Kombe wengi huvushwa mpaka na kuuzwa Ekuador. Faida kubwa huishia kwa wachuuzi wa kati, na kombe wadogo wasiofikia sentimita 5, ambao kanuni inataka warudishwe, huchukuliwa bei inapopanda.

Mashambani, Nariño ina kakao na nazi, na pia ilikuwa na mashamba makubwa ya michikichi hadi ugonjwa wa kuoza kwa kilele cha mti ulipoyaangamiza katika miaka ya 2000. Yaliyofufuka yalipandwa mbegu chotara zinazovumilia ugonjwa huo. Matunda ya chontaduro, yanayochemshwa na kuliwa kwa chumvi, husafirishwa hadi Cali, ambako wanawake waliotoka pwani huyauza mitaani. Kuna pia viche, pombe ya miwa inayokenekwa vijijini, ambayo kwa miaka mingi ilikamatwa na polisi hadi Sheria Namba 2158 ya 2021 ilipoitambua kuwa urithi wa jumuiya za Pasifiki.

Lazima itajwe koka, mmea ambao majani yake hutengenezewa kokeini. Manispaa ya Tumaco imekuwa kwa miaka mingi kati ya zenye mashamba mengi zaidi ya koka nchini, kwa sababu koka inavumilia udongo duni, mnunuzi huja mlangoni, na haiozi njiani kama ndizi. Mkataba wa amani wa 2016 kati ya serikali na waasi wa FARC uliahidi wakulima mazao mbadala, lakini bila barabara ya kuyatoa shambani, mengi ya mazao hayo hayana soko.

Dhahabu na platini zina nafasi gani leo?

Kubwa, na yenye madhara. Mito ya San Juan na Atrato inabeba dhahabu ya mchangani pamoja na platini, na Chocó ndiko platini ilikojulikana kwa Wazungu katika karne ya 18. Mapema katika karne ya 20, mapinduzi yalipovuruga uzalishaji wa Urusi, Kolombia ilishika kwa muda nafasi ya kwanza duniani kwa platini. Kampuni ya Chocó Pacífico, yenye mtaji wa Kimarekani, iliuchimba Mto San Juan na Condoto kwa mitambo inayoelea hadi 1974, ikiwa na makao yake Andagoya: maofisa wa kigeni upande mmoja wa mto wakiwa na umeme na hospitali, na wafanyakazi weusi ng'ambo, mahali palipoitwa Andagoyita. Ilipoondoka iliacha vilima vya kokoto.

Uchimbaji wa karai, unaofanywa na familia, haujawahi kuumaliza mto. Kilichoumaliza ni matingatinga na mitambo ya kufyonza mchanga, pamoja na zebaki inayotumika kukamata dhahabu, ambayo huingia kwa samaki na kisha kwa walaji. Novemba 2016 Mahakama ya Katiba ya Kolombia, katika hukumu ya T-622, iliutangaza Mto Atrato kuwa mwenye haki zake, yaani haki ya kulindwa, kuhifadhiwa na kurejeshewa hali yake, na kuagiza wateuliwe walinzi kutoka serikalini na kutoka jumuiya zenyewe. Hukumu imesifiwa sana ng'ambo. Mtoni mitambo haijaisha.

Kwa nini Buenaventura ni bandari kubwa na mji maskini?

Bandari ya Buenaventura ndiyo lango kuu la Kolombia upande wa Pasifiki. Mji ulianzishwa 1540, lakini ulikuwa kijiji cha mbao hadi Mfereji wa Panama ulipofunguliwa 1914 na reli ya kutoka bandarini ikafika Cali mwaka uliofuata. Kahawa ikaanza kutoka huku. Serikali iliendesha bandari na kuajiri maelfu ya wakazi kwa mishahara ya maana hadi Sheria Namba 1 ya 1991 ilipoivunja kampuni ya umma na kukabidhi magati kwa kampuni binafsi. Kreni na makontena vilipunguza vibarua, na ajira zilizobaki nyingi zikawa za muda. Mzigo hushushwa, hupakiwa kwenye lori, na kupanda mlima kwenda Cali na Bogotá. Thamani inaongezwa huko, na kodi nyingi hulipwa huko.

Mei 2017 wakazi walifunga barabara za bandari kwa siku 22. Madai yao ya kwanza yalikuwa maji ya bomba, katika mji wenye mvua ya milimita zaidi ya 6,000, na hospitali inayofanya kazi. Serikali ilikubali kuunda mfuko maalumu wa maendeleo ya mji, uliowekwa kisheria mwaka huo huo, lakini utekelezaji umekwenda polepole mno.

Mgeni anaweza kufika vipi, na wakati gani?

Barabara za lami kutoka ndani ya nchi ziko chache: ya Buenaventura, ya Tumaco, na mbili zinazofika Quibdó kutoka Medellín na Pereira. Zote hupita kwenye miteremko inayoporomoka. Januari 2024 maporomoko kwenye njia ya Quibdó na Medellín yaliua zaidi ya watu 30. Nuquí, Bahía Solano na Guapi hufikiwa kwa ndege ndogo au kwa boti.

Wengi huja kati ya Julai na Oktoba, nyangumi wenye nundu wanapowasili kutoka bahari za kusini kuzaa katika maji ya uvuguvugu ya Utría, Bahía Málaga na Kisiwa cha Gorgona. Gorgona kilikuwa gereza hadi 1984, kisha kikawa hifadhi ya taifa. Malpelo, mwamba ulio takriban kilomita 500 kutoka Buenaventura, uliingizwa 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa ajili ya papa wake, na hufikiwa na wapiga mbizi wenye kibali tu. Anayependa muziki kuliko bahari aende Quibdó Septemba, mwezi wa sherehe za Mtakatifu Fransisko, au atafute marimba ya Guapi na Tumaco. Ndege ndogo hupima mizigo kwa ukali na huahirishwa mawingu yakishuka, kwa hiyo si busara kupanga safari ya kurudi siku moja kabla ya ndege ya kimataifa.